Naomba Salamu ya Chimwaga Ihesabiwe Kuwa Wimbo

Msalato, Dodoma
Jumamosi, 14 Juni 2025
Asubuhi: baridi, upepo wa vumbi, mbingu haina wingu hata moja.

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Mtaa wa Mawe Mawili.

YAH: SALAMU KUKATALIWA KATIKA UBISHI WA SAUTI

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo. Naomba neno hilo ulisome kwa sauti, taratibu, ukilivuta kidogo pale mwisho, kwa kuwa shauri lote ninalokuletea limo ndani yake.

Mimi ni Hilaria Batholomeo, wa nyumba yenye ua wa minyaa inayopakana na ya Loisi, fundi cherehani. Unatufahamu sote wawili, maana mwaka juzi ulikuja mwenyewe kutuomba tupunguze sabufa. Kelele zile zilikuwa za Meshack Radi, mwimbaji wa roki mzaliwa wa huku kwetu, ambaye sasa anajulikana hadi nchi ambako watu hawajui Dodoma iko wapi. Tulipunguza. Tulipoona umefika kona, tuliongeza. Kwa hilo naomba radhi kwa niaba ya wote.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Jumamosi, tukishamaliza kufua, mimi, Loisi na Khamisi fundi simu tunakaa kibarazani kwa Loisi, tunasikiliza maonyesho ya Meshack Radi na kubishana ni lipi aliloimba vizuri kupita yote. Loisi anashikilia onyesho la Makutupora, pale kwenye "Vumbi la Agosti" anapolivuta neno "maji" mpaka mpiga gitaa anaacha kupiga na kumtazama. Khamisi anashikilia onyesho lolote ambalo halijafutika kwenye memori kadi yake. Mimi nashikilia onyesho la Chimwaga.

Na ninaposema Chimwaga sina maana ya wimbo wa kwanza wala wa mwisho. Nina maana ya pale anapopanda jukwaani, magitaa yakiwa kimya, akasema "Mbukwenyi". Hamjambo nyote, kwa Kigogo. Lakini hakusema tu, Ndugu Mwenyekiti. Alianzia chini, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ya taa. Akapanda. Akapanda tena. Kule juu sauti ikapata ufa mdogo, akauruka bila kuanguka, ndipo umati wote ukaitikia "Mbukwa", na ngoma zikaanza. Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia tangu nikiwa kidato cha pili, na sijasikia mtu akifanya hivyo kwa neno moja.

Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Loisi amekataa kabisa Chimwaga ihesabiwe. Hakusema ni ya pili au ya tatu, hayo ningeyavumilia. Alisema haimo. Maneno yake, kama nilivyoyaandika kwenye shajara yangu siku ileile: "Dada Hilaria, huyo ametusalimia tu. Wimbo haujaanza. Kama salamu ni onyesho, basi na mimi nikibisha hodi kwako unipigie makofi." Khamisi alicheka mpaka akamwaga chai. Nilimweleza Loisi kwa upole kwamba hodi yake ina noti mbili tu na zote zinafanana. Hakupenda.

2. Alihoji kama nina haki ya kuamua. Mimi, kama unavyojua, ni Msandawe wa Chemba, na Kigogo nakifahamu kwa kiasi cha kununulia nyanya. Loisi alisema: "Ninyi watu wa vidoko, mnaogonga ulimi mkizungumza, neno letu mnalisikia kama filimbi, kwa sababu hamlielewi. Hiyo unayoiita noti, kwetu ni hamjambo." Nilidhani ni utani, na kama utani nilikuwa na jibu lake zuri kuhusu Wagogo na kuombaomba, ambalo sitaliandika hapa kwa heshima ya ofisi. Lakini alikuwa hatanii. Nami nakuuliza, Ndugu Mwenyekiti: refa wa mpira huchaguliwa kutoka ukoo wa timu mojawapo? Asiyeelewa neno ndiye pekee anayeweza kuihukumu sauti kwa haki. Kwa hoja hiyo, katika mtaa huu wenye Wagogo wengi, mimi huenda ndiye mtu mwenye sifa kuliko wote, na ninashangaa kwamba hadi leo sijawekwa kwenye kamati yoyote.

3. Khamisi ameifanya salamu ya Chimwaga kuwa mlio wa simu yake. Alifanya hivyo kuniunga mkono, lakini madhara yake umeyaona. Simu inalia dukani kwake, "Mbukweee", na watu wanaopita barabarani wanaitikia. Mwishoni mwa Mei Bibi Ruthu, anayekwenda kliniki ya macho, aliitikia, akasimama, akangoja aulizwe habari za nyumbani, Khamisi akapokea simu na sauti ikakatika. Bibi Ruthu amekwenda kumwambia kila mtu kwamba kuna kijana pale dukani ameanza kumsalimia mkubwa wake halafu akaacha njiani. Loisi aliposikia alipiga paja. "Umeona sasa? Watu wanaitikia simu. Nani anaitikia wimbo?" Nilimjibu kwamba Bibi Ruthu aliitikia kwa kuwa imeimbwa vizuri mno; simu ya Khamisi ilipokuwa na mlio wa jogoo, mbona hakuna aliyewika? Badala ya kuijibu, Loisi alifanya lililo katika namba nne.

4. Loisi ameacha kunisalimia.

Hili naomba ulisome mara mbili. Tumepakana na mwanamke huyu tangu nilipohamia hapa nikiwa sijui hata maji yanachotwa wapi. Kila asubuhi alikuwa akinisalimia juu ya minyaa kabla sijafungua dirisha la pili. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita anapita na ndoo yake, ananitazama, anaendelea. Nilipomuuliza kosa langu alijibu, naye akiwa mtulivu kabisa: "Si umesema salamu ni wimbo, dada? Siku hizi koo linaniuma. Siwezi kuimba."

Nimekaa na jibu hilo kwa siku kadhaa na sijapata pa kulishika. Mtu akikataa kukusalimia, unamshtaki kwa wakubwa wake. Mtu akikataa kukuimbia, unamshtaki wapi? Kwa kanuni yangu mwenyewe ana haki zote. Mlenda aliokuwa akinipimia kwenye kikombe cha bati hauji tena, na asali niliyoletewa kutoka nyumbani imekaa ndani kwa kuwa sehemu yake sijui niipitishe wapi. Jumamosi iliyopita sabufa haikuwashwa. Usiku nageuka upande huu na upande ule. Shajara yangu inaonyesha nalala saa saba, mara nyingine saa nane, na mimi ni mtu wa kulala mapema.

5. Madhara yamevuka ua. Watoto wa shule wakinipita sasa wananiuliza shikamoo yao ilikuwa noti gani. Wachache nimewasahihisha, kwa kuwa waliipeleka chini mno. Mmoja nilipomwambia "Imba tena" aliniambia mama yake amemkataza kuimba barabarani. Sasa fikiria, Ndugu Mwenyekiti, pande zote mbili. Kama salamu si wimbo, basi mtu anaweza kuitoa vyovyote apendavyo, hata kwa kunung'unika, na mtaa wote utanung'unika. Kama salamu ni wimbo, basi kila atakayetoka nyumbani asubuhi lazima awe amefanya mazoezi. Mimi nachagua la pili. Nipo tayari kusimamia mazoezi hayo bila malipo, hapo ofisini kwako, baada ya kufagiwa.

6. Nasita kuliandika hili, lakini barua ya haki haina upendeleo. Kwenye mkutano wa mtaa uliopita ulifungua kwa kusema "Habari za asubuhi, wananchi". Uliimba yote kwa noti moja, ukiwa unatazama karatasi. Kwa kanuni ya Loisi, ulitusalimia, tukaitikia, mambo yakaisha. Kwa kanuni yangu, ulikuwa uimbaji hafifu. Unaona jinsi Loisi anavyowalea viongozi vibaya. Mtu kama wewe, mwenye kifua kile, kwa mwongozo kidogo ungeweza kufika Chimwaga.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, utoe tamko la maandishi, lenye muhuri wa mtaa, kwamba salamu ni uimbaji, na kwamba salamu ya Chimwaga ndiyo sauti bora ya Meshack Radi kupita zote alizopata kuzitoa. Muhuri uwe ule wa duara. Ule wa mstatili Loisi atasema ni wa kodi ya soko. Pili, tamko libandikwe kwenye ubao wa ofisi na nakala moja kwenye cherehani ya Loisi, upande anaokaa yeye. Tatu, Loisi aamriwe kunisalimia kila asubuhi. Sauti sitamchagulia. Iwe chini, iwe juu, iwe ya noti mbili zinazofanana kama hodi yake. Kama koo linamuuma kweli, nitampelekea asali, lakini mtu wa kuipokea lazima kwanza aniambie neno.

Kama ombi la kwanza na la pili ni mazito kwa ofisi yako, uyaache. La tatu usiliache.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mama watoto, Mama Mwanne, na watoto wote kwa majina yao, na mjumbe wetu, na mlinzi wa ofisi ambaye huwa anaitikia vizuri sana kwa sauti ya nne. Khamisi naye anakusalimu; simu yako ipo tayari, ukaichukue. Nisalimie na Loisi ukimwona, ingawa si yeye ninayemwandikia.

Wako katika mtaa,
Hilaria Batholomeo

N.B. Jumatatu, 16 Juni. Asubuhi: baridi ileile, upepo umetulia.

Ndugu Mwenyekiti, barua hii nilikuwa naileta jana baada ya misa. Nilifika langoni kwangu nikiwa nimeishika mkononi, bahasha nimeshailamba, nikasikia mtu ananisalimia kutoka upande wa pili wa minyaa. Nikaitikia. Nikauliza habari za usiku, nikaulizwa za kwangu, nikajibu salama, nikauliza koo, nikaambiwa limepoa. Yote hayo yalipita kama yanavyopita siku zote, na nilikuwa nimeshavuka barabara ndipo miguu iliposimama yenyewe.

Nilikuwa nimesalimiwa kwa Kisandawe.

Nilirudi. Loisi alikuwa bado amesimama pale na ndoo yake, anajizuia kucheka. Alifundishwa na mama mmoja wa Chemba anayeuza asali sokoni. Amekwenda kwake mara kadhaa, akisema anakwenda kutafuta vifungo. Nilimwomba aseme tena ili nisikie vizuri. Alisema tena. Kidoko alikiweka mahali ambapo hakuna kidoko, na pale penye kidoko aliweka kitu kama mtu anayemwita mbuzi. Kwetu mtoto akisalimia hivyo anarudishwa nje aingie upya.

Lakini mara ya kwanza sikuyasikia hayo yote. Mimi, mwenye sauti ya pili, niliyejitangaza kwako kuwa refa wa mtaa mzima, nilisimama pale barabarani nikijaribu kukumbuka alianzia juu au chini, na sikuweza. Sikusikia sauti yoyote. Nilisikia mtu ananisalimia, nikamwitikia.

Nilimweleza hivyo. Alitua ndoo akasema, "Ndiyo hiyo Chimwaga, dada. Sisi wengine hatukusikia noti. Tulisalimiwa."

Jioni tuliwasha sabufa. Khamisi akaweka Chimwaga, na Meshack Radi alipoanza kupanda nilikaa tayari kabisa, kalamu mkononi, kuandika ufa ule uko wapi. Loisi akaitikia "Mbukwa". Nikajikuta nimeitikia pamoja naye, na ngoma zikawa zimeshaanza. Khamisi ameniuliza alifika noti gani. Sijui.

Kwa hiyo naomba malalamiko ya kwanza, ya pili, ya tano na ya sita uyafute. La sita ulifute ukiwa peke yako. La tatu linamhusu Khamisi, ambaye ameshamwendea Bibi Ruthu nyumbani na kuimalizia salamu ile hadi habari za mifugo. La nne limejifuta. Sauti bora ya Meshack Radi ni Makutupora, na kama kufikia hapa umeshautoa muhuri mezani, uupige hapo.

Barua naileta hivyohivyo, karatasi hii nikiwa nimeibana nje, kwa kuwa bahasha nilishailamba na ofisini nilikuwa nakuja vyovyote kuomba muhuri kwa jambo jingine. Mlenda umekuja. Jana nililala saa mbili na nusu usiku.