Kitabu cha Kumchekesha Thuwaiba

Jumatatu, 8 Mfunguo Tano 1327 (Wazungu wanasema 1 Machi 1909)

Mama mkwe, Bi Kazija, ametoa hukumu baada ya chai. Thuwaiba wangu ana miaka kumi na hajacheka tangu mamake afariki, mwezi wa nne huu. Mwezi ukiandama naye bado hajacheka, atamchukua kwao Makunduchi akacheze na wenziwe. Nyumba yangu, eti, ni ya huzuni. Ya huzuni! Nimemjibu kwa adabu, maana mkwe ni mkwe. Chumbani nimeupiga mto ngumi mbili.

Akinichukulia huyu mtoto, sijui nitarudi nyumbani kufanya nini.

Lakini nina hila. Mimi ni mwandishi wa barua, na Darajani nzima hakuna anishindaye. Nitatunga kitabu cha kuchekesha watoto.

Jumatano, 10

Kurasa kumi na mbili! Kisa cha punda aliyekula kilemba cha kadhi. Nimetia dibaji ya kumuomba kadhi radhi, na mawaidha matatu. Pembeni nimeandika kwa wino mwekundu, mara tisa: Hapa msomaji acheke. Hatapotea njia.

Bi Kazija aliuliza ninaandika nini. Nikasema barua ya biashara. Akasema mbona inanitoa jasho.

Alhamisi, 11

Nimewajaribia kitabu watoto wa jirani, barazani. Kwanza nikawanunulia kashata ili watulie. Kosa! Walikula, wakasukumana, wakacheka mpaka basi. Nilipofungua kitabu wakanyamaza. Usi, mdogo wao, akauliza kama yule punda alikufa. Nikasema hakufa. Akauliza basi mbona ninasoma kama niko kwenye hitima.

Nimempelekea Mwalim Hasan wa chuo cha Kurani, mtu wa elimu. Alisoma mpaka mwisho, akafuta macho. Akasema mawaidha haya ni mazito, nimpe ruhusa ayasome msikitini Ijumaa. Nimekichukua kitabu changu nikaondoka.

Jumamosi, 13

Leo nimemsomea Thuwaiba mwenyewe. Alikaa kitako, mikono mapajani, akasikiliza kwa heshima. Kila penye wino mwekundu nilisita kidogo, nikamtazama. Hakuna. Mwisho akasema, "Kizuri, baba," kwa sauti ya mtu anayemeza shubiri asije akamuudhi mganga.

Sauti hiyo ni ya mamake. Mke wangu Mwanamkasi naye nikimsomea barua zangu alikuwa akisema nzuri, kisha ananipa mgongo na mabega yanamtikisika. Nilidhani ana kikohozi. Nilimnunulia asali miaka mingi.

Nimemkumbuka sana leo.

Jumatatu, 15

Hila ya pili. Kama kisa hakichekeshi kikisomwa, basi kitachekesha kikionekana! Nimeazima punda kwa mtu wa Tunguu aliyeleta mihogo sokoni. Nikavaa kilemba changu kizuri, nikainama mbele ya punda uani, kitabu mkononi.

Kilemba hakukitaka hata kukinusa. Amekula kitabu. Dibaji, mawaidha mawili, na wino mwekundu wote. Nilipovuta upande wangu, akavuta upande wake, nikakalia beseni la samaki wa Bi Kazija. Punda akalia. Nami karibu nilie.

Na Thuwaiba? Alikuwa chuoni! Hakuona hata mkia wa punda. Nimeyaandika yote humu, peke yangu, nipunguze uchungu.

Jumatano, 17

Fedheha. Nimerudi mchana kufuata kalamu niliyoisahau. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia kicheko. Kicheko cha Thuwaiba!

Nimemkuta sakafuni chumbani mwangu, ameshika shajara hii hii, ukurasa wa punda. Anacheka hawezi kupumua, anapiga sakafu kwa kiganja. Kisha akarudi nyuma akasoma ile habari ya asali, akacheka tena, halafu akalia. Amelia kweli kweli, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko. Nikakaa chini nikamshika.

Nilipopata akili nikamnyang'anya. Siri zangu! Huzuni zangu! Zichekwe?

Bi Kazija alikuwa mlangoni na upawa mkononi. Amesema mtoto atakaa. Amesema niandike mengine kama haya, lakini yale ya wino mwekundu nimwachie punda. Akaongeza kwamba Mwanamkasi, Mungu amrehemu, hakupata kuugua kikohozi maishani mwake.

Sijui alikusudia nini.

Alhamisi, 18

Thuwaiba anabaki. Alhamdulillahi. Asubuhi ameimba akifagia.

Nimetafakari sana, na sababu ni dhahiri: ni kile kitabu changu. Dawa nzito huchelewa kufanya kazi. Alikisikia Jumamosi, kikamfika Jumatano. Bi Kazija ni mzazi wangu na ninamheshimu, lakini kuhusu vitabu hajui kitu.

Leo naanza kitabu cha pili. Mawaidha sita. Wino mwekundu nimenunua chupa mbili.

Shajara hii sasa inakaa sandukuni, kwa kufuli jipya, mtoto asipate kusoma upuuzi tena. Ufunguo nimeuficha chini ya mto wa Thuwaiba. Hapo hakuna atakayefikiri kuutafuta.