Shamba la Majaribio na Ng'ombe wa Diba

Jumanne, 8 Julai 2025
Caleb, afisa wa utafiti, kapiga simu kutoka Garsen. Eti serikali za wafadhili zimebadilisha sera, pesa zimepunguzwa. Ijumaa wanakuja hapa Idsowe kukagua shamba la majaribio ninalolilinda. Mpunga mpya usipoushinda ule wetu wa zamani, mradi unafungwa. Na kina mama niliowaahidi kibarua? Nitapita njia gani?
Nimekwenda kutazama. Mpya umesinyaa. Wa zamani unanicheka.

Jumatano, 9 Julai
Sikulala. Lakini kichwa hiki! Ningemaliza darasa la nane ningekuwa waziri. Mpango: ng'ombe wa rafiki yangu Diba, mfugaji Muorma, waule mpunga ule wa zamani, mpya uonekane umeshinda. Kidogo tu! Diba kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kasema miaka yote wakulima tunamfukuza, leo anakaribishwa kama bwana harusi? Kanitaka niape sitamshtaki kwa chifu. Nimeapa. Jirani Margaret katuona, kauliza mlinzi ananong'ona nini na mwenye ng'ombe. Mbea!

Alhamisi, 10 Julai
Balaa! Ng'ombe wameunusa mpunga wa zamani, wakageuka, wakaruka mfereji. Wameula mpya mpaka mashina! Nimevua shati nikalipunga. Dume moja likalitafuna. Margaret kaniambia: haya Baba Dado, vuna samadi.

Ijumaa, 11 Julai
Wageni wamefika. Nimewaambia mpunga umeliwa na viboko wa mto. Mkubwa wao, Bi. Lorna, kaokota kengele matopeni, kauliza kama viboko wa Tana huvaa kengele. Nimesema wengine, ndiyo. Diba, asiyejua kudanganya, kajitokeza: ni ng'ombe wake, na tangu azaliwe hajawaona wakipenda jani namna ile.
Bi. Lorna macho yakang'aa! Kumbe pesa za mpunga zimekwisha, za malisho zipo. Shamba sasa ni la malisho. Kina mama watakata majani, kibarua kipo. Mungu mkubwa! Mlinzi: Diba. Mimi? Caleb kasema nimechoka, nipumzike.

Jumamosi, 12 Julai
Sijalala tena, nimewaza. Mpango ulikuwa safi, kosa ni la ng'ombe. Malisho yakiharibika, si watarudi kwenye mpunga? Na mpunga una mlinzi wake! Diba simtupi, nitampa unaibu.
Nimeshaongea na Bishara, mfugaji mwingine wa hapa, atanipa mbuzi wake. Mbuzi ukimwambia kidogo tu, anaelewa.