Namvula wa Wifi Yangu

Ndalambo, Jumatano 4 Agosti 1954

Gazeti limeshuka na lori la Tunduma. Wifi Teresia, dada wa mume wangu, kasoma sura mpya ya hadithi ya Namvula, binti anayepanda fisi kwenda kulinyang'anya mvua joka la Ziwa Rukwa. Wanawake wote uani kwake, wanampukuchulia mahindi bila kuombwa. Mahindi yangu bado yako kwenye magunzi.

Maoni yakamwagika. Mama Fanueli kasema binti apandaye fisi ni mchawi, mzee wa kanisa aambiwe. Ila kwanza wifi arudie pale fisi anapoongea. Jirani yangu Tusekile kataka Namvula aolewe upesi. Mimi nikasema sura imepwaya. Hakuna aliyegeuka!

Linaloniuma ni Jenista wangu. Huyu mtoto halali bila ngano yangu. Leo kasinzia kwenye paja la shangazi yake. Na mbuzi wetu sasa anaitwa Fisi. Amechoka kupandwa.

Marehemu bibi alisema ngano ya mchana humwotesha msimuliaji pembe. Kesho nitawakumbusha. Kwa upole.

Ijumaa 6 Agosti

Nimewakumbusha jana. Wameogopa! Mama Fanueli kajipapasa paji la uso.

Leo sicheki. Wifi kanishukuru mbele za watu, kisha kahamishia usomaji jua likishazama, awarudie tangu sura ya kwanza. Saa hiyo ndiyo meno yanamsumbua Osea, mwanangu mchanga, hatulii ila mgongoni nikizunguka nyumba. Wameondoka wote. Jenista kaondoka. Hata mume wangu Yonasi, ambaye kwenye mahubiri husinzia! Karudi anacheka peke yake. Nikamuuliza fisi kafanya nini. Kasema ningekuwepo ningejua.

Nimempa kiporo.

Jumatatu 9 Agosti

Nimekumbuka! Ngano hii ni ya kwetu Ileje, bibi alitusimulia. Ila kwa bibi hakuna fisi. Binti anakwenda kwa miguu na joka linammeza. Basi.

Kisimani nikawapa mwisho wote bila kuulizwa: Namvula anakufa. Nani sasa atajisumbua kwenda kwa wifi? Tusekile kasonya, kajitwisha mtungi mtupu, kaondoka.

Sikujua Jenista yupo nyuma yangu. Kalia mpaka kwikwi. Uji kaukataa. Nikambeba, mtoto mkubwa vile, na Osea mgongoni. Nikamfuta makamasi kwa kanga, nikamwambia ni ngano tu, mwanangu.

Lakini kufa amekufa. Mama hasemi uongo.

Jumatano 11 Agosti

Lori limekuja. Jioni nikaenda na mimi, Osea analia, liwalo na liwe. Nilitaka kuziona nyuso zao Namvula akimezwa.

Kamezwa kweli! Nikatabasamu. Kisha fisi akalitoboa joka tumbo, binti akatoka na mvua yake mkononi, mzima, hata ushanga haukukatika. Watu wakapiga vigelegele. Halafu wakanigeukia. Wiki nzima natafuta wanigeukie!

Mama Fanueli akasema, "Mama Jenista, pole na msiba."

Wakacheka mpaka magunzi yakamwagika. Tusekile kanidai maji ya ule mtungi aliorudi nao mtupu. Wifi kanisogezea kigoda, kwa huruma. Hilo sitamsamehe.

Nyumbani nikaketi na Osea pajani. Jenista akaja, akapanda pajani, akasukuma mguu wa Osea kando.

"Mama, nisimulie ile yako."

Nikamwambia yangu si ina kifo, na ya shangazi ina fisi?

"Ya shangazi nimeshaijua. Yako inatisha."

Nikasimulia, polepole, na sauti ya joka kama alivyofanya bibi. Namvula alipomezwa, Jenista akanishika kidole, akalala. Mguu umekufa ganzi na siusogezi. Kichwa chake kizito, kinanuka moshi na mbuzi.

Nimeshaliona kosa langu. Niliua mmoja tu.

Kesho kisimani, fisi naye anakufa.