Mtu Anayekimbia Bila Kufukuzwa

Jumatatu, 7 Novemba 1983. Nyasho, Musoma.

Kiwanda bado kimelala. Wiki ya sita sasa, mashine inasubiri mkanda kutoka ng'ambo. Mimi, Felisian Masatu, karani wa mizani, sina cha kupima. Wenzangu wanakaa barazani wakililia sukari. Mimi nimekataa! Hali ikiwa ngumu ndipo mtu afurahi, kwa makusudi, tena mbele za watu. Nimejiwekea ratiba. Asubuhi mbio. Mchana kitabu. Jioni muziki, nyimbo mbili. Betri za redio naanika juu ya bati kutwa nzima, na zikishuka zina nguvu ya wimbo mmoja na nusu.

Kitabu ninacho kimoja tu, cha mazoezi ya viungo. Kurasa za mwisho zilishafungiwa karanga sokoni. Kwa hiyo kuanza zoezi najua, kumaliza nitajijua mwenyewe. Mke wangu Dafroza kauliza, mtu wa miaka arobaini na mbili akikimbia, anafukuzwa na nani? Nikasema hafukuzwi na mtu. Akasema basi huyo anaumwa.

Jumanne, 8 Novemba.

Siku ya kwanza ya mbio. Kaptula ya gunia la unga wa njano, maandishi ya msaada yamekaa nyuma. Miguuni katambuga za tairi. Nilipendeza.

Mbele ya duka la ushirika foleni ilikuwa imelala pale tangu juzi: mawe, vikapu vilivyotoboka, kandambili moja, kila kimoja kinashika nafasi ya mwenyewe. Nikajikwaa. Mawe kumi na moja yakatawanyika! Nikayapanga upya haraka, na jiwe la Dafroza nikaliweka la kwanza. Kujikwaa kulikuwa ajali. Kupanga hakukuwa ajali.

Kumbe Keraryo ananitazama. Huyu ni balozi wetu wa nyumba kumi, mrefu, mkavu, hatembei bila daftari. Jiwe lake lilikuwa la pili, sasa la mwisho. Akaniuliza, "Wewe Mjita, unakimbiaga kwenda wapi?" Nikasema Makoko. Kufanya nini? Kurudi. Akaandika. Akaeleza, kwa furaha isiyofichika, kwamba operesheni ya nguvukazi imefika mtaani, kwamba Jumamosi linakuja lori kuzoa wazururaji wote wakalime Bugwema miezi mitatu, na kwamba orodha anaitengeneza yeye. Asiyeonekana ana kazi anapanda.

Mimi mzururaji! Mtu mwenye ratiba!

Jumatano, 9 Novemba.

Nimepata dawa ya Keraryo. Mbio siachi, ila nitakimbia na jembe begani na kikapu mkononi. Nani atamwita mzururaji mtu anayewahi shamba kwa kasi namna hiyo?

Jembe halikuwa na neno. Kikapu ndicho kilichoniponza. Siku hizi mtu akikimbia na kikapu maana yake ni moja tu: bidhaa zimeingia mahali na yeye kapata habari. Jirani yetu Marieta alikuwa wa kwanza kuniona. Akaacha uji jikoni, akanyakua kikapu. Nilipogeuka kule Mukendo nyuma yangu kulikuwa na watu arobaini. Hakuna aliyeuliza swali. Nikadhani wamekuja kunipiga kwa ajili ya yale mawe, nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza. Sijawahi kukimbia vizuri vile maishani!

Makoko kuna duka la Clementi, mtu ambaye tangu Pasaka anaapa hana kitu. Alipoona umati wa vikapu na mbele yake mwanamume na jembe, akajua ni msako. Katoa katoni tano za sabuni ya mche kutoka chini ya kitanda yeye mwenyewe, anapiga kelele kwamba alikuwa anataka kututangazia leo leo.

Mimi sikusimama. Kitabu kinakataza kukatisha mwendo ghafla. Nilipozunguka ufukweni na kurudi, sabuni imekwisha. Nyasho nzima wana sabuni isipokuwa nyumba yangu. Dafroza anafulia majani ya mpapai, na tangu mchana anaongea na sufuria tu.

Alhamisi, 10 Novemba.

Heshima! Watu wananiita mtaalamu. Marieta anasema mimi nina pua.

Saa nne akaja Keraryo, mpole kama padri mgeni. Akasema jina langu atalikata, ataniandika Mtafuta Bidhaa wa Mtaa, ndiyo kazi yangu kuanzia leo. Sharti moja, nikinusa kitu nimwambie yeye kwanza. Nikakubali. Nikadai na mimi kwamba watoto wa mtaa wasicheke kaptula. Hilo akasema liko nje ya uwezo wake.

Jioni betri zilijitahidi. Wimbo wa pili ulifika mpaka kwenye tarumbeta kabla ya kufa. Tulikuwa na chai ya mchaichai isiyo na sukari, na samaki wadogo aina ya furu wa kukaanga, na Dafroza alisahau kwamba amenuna, akacheza hatua tatu mlangoni na mwiko mkononi. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi sana.

Kisha akanipa ushauri. Baba Burito, jina limekatwa, tulia, hizo mbio zako ziache mpaka lori lipite. Ushauri mzuri. Nimeukataa! Mtu akiacha raha yake kwa kuogopa lori, kesho ataacha na chai.

Ijumaa, 11 Novemba.

Watu sitini na baiskeli moja. Hii si raha tena, ni maandamano. Nikapanga kuwapoteza: nikate kushoto, nipite uchochoro wa nyuma, nitokee barabara ya ziwani peke yangu.

Katikati ya uchochoro kichomi kikanishika. Nikaegemea mlango uliokuwa karibu, nikainama, nahema. Umati ukasimama. Wakaniangalia mimi. Wakauangalia mlango. Ulikuwa mlango wa Keraryo.

Nilitaka kusema hapana. Pumzi sina. Marieta akaniambia nipishe, akaingia. Uvunguni magunia mawili ya sukari! Keraryo akatoka na singlendi, akaeleza kwamba ni ya kipaimara cha mtoto wa dada yake aliyeko Butiama. Mzee mmoja akauliza anapata kipaimara mtoto au kata nzima.

Hawakumpiga. Walipanga foleni sebuleni kwake, wakamwamuru apime kikombe kikombe kwa bei ya serikali. Safari hii nilisimama. Zamu yangu ilipofika, Keraryo alinitazama machoni, akajaza kikombe mpaka kikamwagika. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 12 Novemba.

Lori limefika saa moja. Jina langu ni la kwanza, limepigiwa mistari miwili chini yake. Keraryo bado balozi, daftari bado lake. Dafroza akataka nijifiche Guta kwa kaka yake Leonardi, amenifungia na viazi vya njiani. Nimekataa! Nikaenda kumweleza ofisa kwamba mimi si mzururaji, mimi ni mwanamichezo. Ili aone kwa macho, nikamwendea mbio.

Ofisa akasema hajawahi kuona mtu anayelikimbilia lori lile. Akanikalisha mbele, niwe mfano kwa wenzangu.

Dafroza akanipa chupa ya chai, na sukari ndani. Alikuwa analia kwa hasira. "Baba Burito, huko ukatulie. Usianze mambo yako." Nikaahidi. Lilipoondoka nami yalinitoka machozi, nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 14 Novemba. Bugwema.

Matuta hayana mwisho. Malengelenge mikono yote miwili. Tuko kumi na nane, wengi wanalala wakililia hali yao.

Msimamizi katangaza sheria moja tu. Asiyeitika jina asubuhi akiwa upande huu wa mfereji atahesabiwa katoroka, anaongezewa miezi mitatu. Kanitazama mimi wakati anasema.

Nimelikagua eneo. Upande huu ni matope matupu. Ng'ambo ya mfereji ndiko kuna uwanja mzuri, tambarare, na upepo wa ziwa unafika. Nimewaeleza wenzangu watatu kuhusu ratiba, wamependa. Tunaanza kesho alfajiri, kabla ya majina. Msimamizi nitamweleza tukirudi.