Chama cha Makapu cha Wendell Pacheco

Wendell Pacheco alimwona yule bibi kizee katika duka kubwa la mji wa Hilo, kule kisiwani, kashika galoni ya maziwa kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani: anampenda, ila si wake. Bibi akasoma bei, akairudisha taratibu asiiudhi.

Mwingine angeona huruma. Wendell aliona riziki. Kodi ya chumba ilikuwa imemshinda, na dada yake, aliyekimbilia Las Vegas kama nusu ya ukoo kwa ukali wa maisha ya kisiwani, alikuwa amemwambia: "Mwezi huu ukishindwa, njoo ulale sebuleni kwangu." Sebule ile ina mbwa, tena ina shemeji.

"Shangazi, umetoka bara wewe," akasema Wendell.

"Nebraska. Naitwa Agnes. Mume wangu aliota kustaafu hapa maisha yake yote. Akafa, akaniachia ndoto. Hakuniambia kwamba ndoto inakula hivi."

"Basi wenyeji hatununui humu," Wendell akashusha sauti. "Tuna chama. Unatoa kiingilio dola mia tatu, kila Jumatatu chakula mlangoni: parachichi, mapapai, mashelisheli. Mpaka kufa."

"Kufa kwangu au kwa chama?"

"Ah, Shangazi nawe!"

"Nionjeshe kwanza, mwanangu. Pensheni inaingia mwisho wa mwezi. Nikiridhika, nitakuletea wastaafu wa mtaa mzima."

Wendell akauona mtaa mzima umepanga foleni, pochi wazi. Akakubali. Mvuvi hahesabu chambo.

Na chambo chenyewe kilikuwa cha bure. Mjini Hilo, parachichi zikiiva, mwenye mti ana taabu kuliko asiye nao. Shangazi Puanani, jirani yake Wendell, huziweka langoni kwa ndoo, apitaye achukue, zisioze zikaita nguruwe mwitu. Wendell akapita, akachukua, akampelekea Agnes kwa gari lake, ndoo kwa ndoo.

"Ndoo ya nani hii?" Agnes akauliza.

"Ya Shangazi Puanani. Mkulima mkuu wa chama." Uongo mzuri hutiwa chumvi ya kweli.

Agnes akaijaza ndoo vitumbua vya kwao, vyenye plamu ndani. "Mpelekee. Kwetu chombo hakirudi kitupu."

Hata mjini Hilo chombo hakirudi kitupu, na Wendell alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini njia ilikuwa ndefu na vitumbua vilikuwa vya moto. Ndoo ilifika langoni inang'aa kwa utupu. Ikawa hivyo kila Jumatatu.

"Mkulima mkuu kavipenda?" Agnes akauliza siku moja.

"Kalamba vidole!"

"Hasa vile vya jibini, eh?"

"Hasa hivyo hivyo vya jibini."

Agnes hakuwahi kupika vya jibini. Akatikisa kichwa kwa upole, akamkaribisha chai.

Mwisho wa mwezi Wendell akaenda langoni kwa Puanani. Ndoo hakuna.

"Anachukua Agnes," akasema Puanani. "Alikuja mwenyewe na sahani ya vitumbua. Wewe nimekuona tangu unatambaa, hujaniletea hata limau! Ndoo zangu zinarudi tupu kama kichwa chako."

Wendell akakimbilia kwa Agnes. Barazani wazee wa bara wamejaa, kila mmoja na kapu lake.

"Shangazi! Chama changu!"

"Kipo, mwanangu, tena kimenenepa. Wote wamelipa kiingilio."

"Wamelipa? Kwa nani?"

"Kwangu na Puanani. Yeye kaezeka paa. Mimi nakunywa maziwa."

"Na mimi niliyekianzisha?"

"Wewe una gari. Wengine magoti hayawaruhusu kuja, wapelekee. Malipo yako kapu zima la parachichi, la juu kabisa."

Wendell akasambaza makapu mchana kutwa. Jioni akampelekea mwenye nyumba lile kapu la ujira, liwe kodi. Mwenye nyumba akachungulia ndani, akamwonyesha mti wake wa parachichi, kisha akamwonyesha mlango.

Wendell akaketi juu ya begi lake kando ya gari, akampigia dada simu.

"Unakuja?" dada akauliza.

"Nakuja. Ila niambie, huko Las Vegas parachichi moja mnanunua bei gani?"