Kibali cha Kumtaja Mungu

Kwa niaba ya Kampuni ya Tumbaku ya Jani Tukufu, tawi la Mpanda, nina heshima kubwa kuutaarifu umma kuwa uhuru wa imani wa watumishi wetu uko salama. Umefungiwa kabatini, na ufunguo ninao mimi, Eustace, Afisa Uhusiano.

Ilitulazimu. Kipa wa timu yetu, Enoka, kijana wa Katumba na Msabato wa kweli, alidaka penalti mbili, mji mzima ukamwimba. Dafrosa, mtangazaji wa redio, akamuuliza hewani kama huwa anavuta sigara kidogo kupata ujasiri.

"Hapana, dada," alisema Enoka. "Kwa imani yangu, tumbaku ni uchafu wa mwili."

Sokoni watu walicheka mpaka wakasahau kudai chenji. Mkurugenzi wetu, Mzee Benedikto Lyamba, hakucheka. Aliunda Kamati ya Kuratibu Imani Zinazosikika, nami nikawa katibu.

"Unakula kwetu halafu unatutapikia," alimwambia Enoka mbele ya kamati.

"Mzee, niliulizwa, nikajibu. Ningedanganya?"

"Kampuni inaheshimu imani yako. Tatizo ni sauti. Amini kimoyomoyo."

"Basi niombe radhi kwa kusema kweli? Hapo nitashindwa, mzee."

Tukamsimamisha kazi. Alirudi Katumba kulima mahindi, mkewe Josefina akiwa na mimba ya miezi minane. Nilisikitika, lakini kwa utaratibu.

Kisha tukatoa waraka: mtumishi yeyote, bila kujali cheo, atakayemtaja Mungu hadharani bila kibali, atasimamishwa papo hapo. Hayo ya "bila kujali cheo" Mkurugenzi aliyaongeza mwenyewe, akasema yananogesha.

Jumapili uwanja ulifurika. Jukwaani alikaa Mama Pudensiana, Mwenyekiti wa Bodi, aliyekuja kushuhudia waraka ukitangazwa. Redio ilikuwa hewani moja kwa moja. Mkurugenzi akashika maiki, akakohoa kidogo.

"Awali ya yote, namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia afya njema..."

 Upande wa bodaboda mtu akapiga filimbi ya refa.

"Mungu wangu, nimeteleza," alisema Mkurugenzi. Filimbi ikalia tena. "Jamani, Mungu ni shahidi, sikukusudia."

Mama Pudensiana aliniinamia. "Eustace, ana kibali?"

"Hana, mama."

"Sasa unasubiri nini?"

Nikamnyang'anya maiki bosi wangu mbele ya mji mzima, nikatangaza kuwa amesimamishwa kazi. Kusema ukweli, mkono ulifurahi.

Jumatatu Mkurugenzi alisimama mbele ya Bodi bila tai. Akajitetea vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia: mtu hawezi kupoteza kazi kwa kusema anachoamini, mdomo haukodishwi pamoja na mikono, na familia itakula nini. Nilikaribia kulia.

"Maneno mazuri," alisema Mama Pudensiana. "Enoka je, mbona hukumwambia hayo?"

Mzee akapapasa tai isiyokuwepo. Mama akaendelea:

"Wewe na Enoka mtarudi wote au mtaondoka wote. Mkirudi, wewe nenda redioni ueleze hasa sasa ni ruhusa kusema nini, wafanyakazi wasibaki na hofu."

Alichagua kurudi. Enoka aliitwa kazini siku hiyohiyo. Nami nikamsindikiza Mkurugenzi studio.

"Kwa hiyo ni ruhusa kusema nini, mzee wangu?" Dafrosa aliuliza kwa upole.

"Aliyoyasema Enoka."

"Wapo ambao hawakumsikia. Alisemaje?"

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Tumbaku ni uchafu wa mwili," alisema Mkurugenzi wa Kampuni ya Tumbaku ya Jani Tukufu.

"Samahani, mzee. Wasikilizaji wa Mishamo wanasema mawimbi yamekatika. Sogea kidogo kwenye maiki, urudie taratibu."

Akasogea. Nje, bodaboda wote wakazima injini.