Mababu wa Bure

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Siku kumi na moja zimebaki. Ijumaa tarehe 12, sikukuu ya Jamhuri, watu wa Kabiru wanakuja hapa Nakuru kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yangu Abby. Watakuja na mbuzi, wazee na nyimbo za getini. Mimi nitawapokea na nini? Na jina la babu mmoja na nusu.

Balaa lilianza Oktoba. Tulikwenda kwao Milimani kujuana. Kabiru, baba ya kijana anayemwoa, ametundika ukutani mti wa ukoo wao. Fremu ya dhahabu. Vizazi saba. Alimwajiri mtaalamu. Sikuusoma. Sikumpa raha hiyo. Nilitazama mapazia.

Akaniuliza mbele ya watu babu yangu ni nani. Nikasema Maina. Mimi ni Maina, na kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Na baba ya huyo Maina? Waithaka, kama baba yangu. Na baba ya Waithaka? Nikanyamaza. Kabiru akasema nikisie tu, Bwana Maina, ukoo wenu si ni watu wawili wanaopokezana zamu! Sebule nzima ikacheka. Mke wangu Wachuka alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Uamuzi: vizazi vinane. Bila mtaalamu. Mtandaoni kila kitu ni bure.

Jumanne, 2 Desemba

Maktaba, saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Wi-Fi ya bure, kiti kibovu.

Orodha ya nyaraka za serikali: inakwambia faili ipo. Haikwambii ndani kuna nini. Uende Nairobi ukaone mwenyewe.

Gazeti rasmi la zamani, limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Nimetafuta "Maina". Majibu 11,406. Nimesoma 212. Wengi wamefilisika. Mmoja ni farasi.

Orodha ya masetla wote wa zamani, kwa alfabeti. Hii ni dhahabu! Babu alifanya kazi kwa setla kule Mau Narok. Nikipata jina la Mzungu, nimepata shamba. Nikipata shamba, nimepata babu. Jina analo Shangazi Mumbi.

Pia nimejiunga na tovuti moja ya mti wa ukoo wa dunia nzima. Bure kabisa. Wanataka barua pepe na tarehe ya kuzaliwa tu. Nimempa Abby kiungo aone baba yake akifanya kazi.

Alhamisi, 4 Desemba

Mau Narok. Baridi ya kukata masikio. Shangazi Mumbi ana miaka themanini na nne na alikuwa anachagua viazi vya mbegu. Hakusimama. Alinipa gunia nikalie.

Nikamuuliza yule setla aliitwa nani. Akasema Kihara. Nikasema jina kamili. Akasema ndilo kamili, alikuwa na kipara. Nikauliza jina lake la kwenye barua. Akasema yeye hakuwahi kumwandikia barua.

Wafanyakazi wote walimwita Kihara. Jirani yake waliyemwita Mrefu alikuwa mrefu. Orodha ya masetla ina majina elfu kadhaa. Haina safu ya vipara.

Kisha Shangazi akaanza hadithi ya nyumba ya babu. Nani alizaliwa wa kwanza, nani alimfuata, nani alinyonya maziwa ya nani. Saa nzima. Sikuandika. Simu ilikuwa na chaji asilimia nne na nilikuwa naitunza. Nilimwomba anitumie kwa ujumbe. Aliniangalia kama kiazi chenye ugonjwa.

Atakuja kwenye ruracio tarehe 12. Amesema anataka kuona kama hao watu wa Milimani wanajua kuimba.

Ijumaa, 5 Desemba

Tovuti imeniandikia! Inasema Maina Waithaka wa Nakuru anafanana na Maina Waithaka wa Mau Narok. Je, nakubali? Nikaona haya ndiyo maendeleo. Undugu umetambuliwa. Nikabonyeza Kubali.

Sasa mimi na babu ni mtu mmoja. Nilizaliwa 1904. Nilifariki 1961. Nina wake wawili: Wachuka, na nyanya yangu. Nimezaa watoto saba, akiwemo baba yangu.

Nimejaribu kurekebisha. Tovuti inasema ukurasa wa marehemu hurekebishwa na jamaa aliye hai. Mimi sistahili.

Nilimweleza Wachuka. Akauliza kama atahitaji kuvaa nyeusi siku ya ruracio au mwaka 1961 umepita vya kutosha.

Jumamosi, 6 Desemba

Abby alimwonyesha mchumba wake, Ndung'u. Ndung'u alimwonyesha baba yake. Saa nne na dakika tisa asubuhi Kabiru aliandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha ruracio: "Poleni sana kwa kuondokewa na Mzee Maina. Tutaongea na nani kuhusu mahari?"

Mishumaa ishirini na mitatu. Emoji, lakini ni mishumaa. Mmoja aliuliza mazishi ni lini. Mchungaji alinukuu Zaburi. Nadhani yeye hakuwa anatania.

Abby alikuja jikoni. Akasema, "Dad, si uachane na hii kitu? Wanakuja kuniona mimi, hawakuji kuona babu." Nikamwambia hawezi kuelewa mambo ya heshima. Akasema ana siku sita za kuwa na amani na anaziomba tafadhali.

Nilimwahidi.

Jumatatu, 8 Desemba

Ahadi ilikuwa kuhusu babu. Hii ni kuhusu baba ya babu.

Tovuti imempata Waithaka! Alizaliwa Murang'a karibu mwaka 1880. Jina ni lilelile, wilaya ni ileile tuliyotoka, umri unaingia kama mguu kwenye gambuti. Na huyu Waithaka ana baba! Baba ana baba! Mtu fulani mwema ameweka ukoo mzima hapo, bila kufunga mlango. Juu ya Waithaka kuna Kabiru, kisha Ndung'u, kisha Kabiru mwingine.

Nikabonyeza Kubali mara moja, kabla mwenyewe hajabadilisha nia.

Hesabu: ukianzia kwangu ni vizazi saba. Sare. Haifai. Nimeanzia kwa Abby. Vinane! Hakuna sheria inayokataza.

Jumatano, 10 Desemba

Nimepeleka mti kwa Cheptanui, mwenye duka la kuchapisha mabango. Mita mbili kwa tatu. Herufi za dhahabu. Fremu ya Kabiru itaonekana kama stempu.

Cheptanui ni mdadisi kupita kiasi. Aliuliza hawa Kabiru na Ndung'u wametoka wapi, maana chini kote ni Maina na Waithaka. Alisema kwao Keringet mambo ya ukoo wanauliza mara mbili kabla ya kumwoza msichana. Nikamwambia kazi yake ni wino. Akasema, "Sawa boss. Wino nitaweka."

Ijumaa, 12 Desemba

Naandika saa kumi na mbili jioni.

Walifika saa tano. Lori la mbuzi, magari sita. Waliimba vizuri getini, hata Shangazi Mumbi alikiri. Waliingia kwenye tenti na hapo mbele yao likaning'inia bango. Nilisimama kando yake na suti yangu ya kustaafu.

Mzee Ndung'u, baba yake Kabiru, ana miaka themanini na sita. Alilisoma kutoka juu, jina kwa jina, akifuata na bakora. Bakora ikafika kwa Waithaka. Ikasimama. Akavua kofia.

Akaniuliza huyu ni nani wangu. Nikasema kwa sauti ya kufika nyuma: baba ya babu yangu!

Akaeleza polepole. Babu yake alikuwa na mdogo wake, Waithaka. Alitoka Murang'a akaja huku Bonde la Ufa, na hakuna aliyemsikia tena. Babu yake alikufa akimwekea kigoda mlangoni. Mzee alisema hivyo, kisha akanikumbatia. Alikuwa analia. Wanawake wakapiga vigelegele. Kabiru alikuwa amekodoa macho kwenye bango, akisoma mababu wake mwenyewe kwa herufi za dhahabu.

Nilikuwa mshindi kwa muda wa dakika nne hivi.

Mzee akaketi, akapangusa uso, na kwa sauti ileile ya upole akaagiza mbuzi warudishwe kwenye lori. Watoto hawa ni wa nyumba moja. Hakuna ndoa hapa. Leo tumepata ndugu, tumshukuru Mungu na tule.

Vijana wakaanza kupandisha mbuzi.

Nilisema labda ni kosa la mchapishaji. Hakuna aliyesikia. Nilisema ni undugu wa mbali sana, hata ng'ombe asingeutambua. Wazee wakatikisa vichwa. Abby alikuwa amesimama na sinia la chai. Hakulia. Alikuja hadi karibu na kuuliza kwa sauti ndogo, "Dad, ulitoa wapi?"

Nikasema. Mbele ya watu wote, maana Kabiru aliniambia nirudie kwa sauti. Nilisema niliutoa kwenye mtandao. Ulikuwa wa bure. Sikujua ni ukoo wa nani. Sijui Waithaka wetu alizaliwa na nani, sijawahi kujua, na Oktoba nilinyamaza kwa sababu hiyo.

Mzee Ndung'u akauliza: kwa hiyo huna mdogo wa babu yangu? Nikasema sina. Akarudisha kofia kichwani. Ilimchukua muda. Nimefanya mambo mengi ya kijinga, lakini hilo la kofia sitaki kulitazama tena.

Na hata ukweli haukutosha! Kabiru alisimama, safari hii bila utani, akasema mtu asiyejua hawezi kukanusha. Kama simjui baba ya Waithaka, basi inawezekana ni yuleyule. Wazee wakasema ni kweli. Mbuzi wa nne akapanda lori. Ndung'u kijana alikuwa ameshika kamba ya wa tano na hakuwa anaivuta.

Ndipo Shangazi Mumbi akaweka sahani ya mukimo chini. Akaomba kuuliza jambo dogo. Baba yake yeye, Maina, alikuwa kifungua mimba wa Waithaka. Kifungua mimba hupewa jina la nani?

Wazee wakajibu pamoja, kama darasa: la baba ya baba.

Basi Waithaka wetu alizaliwa na Maina. Huyu wa kwenye kitambaa amezaliwa na Kabiru. Nyinyi mna Maina yeyote huko juu? Mzee Ndung'u akahesabu kwenye vidole, akaenda hadi mwisho, akarudi. Hawana.

Shangazi akasema mambo haya alinieleza saa nzima tarehe nne, lakini simu yangu ilikuwa na njaa. Akaendelea na mukimo.

Mbuzi wakashushwa.

Nimetozwa faini ya kondoo mmoja, kwa kuwaliza wazee bure. Neno "bure" walilirudia.

Jumamosi, 13 Desemba

Harusi ni Aprili. Abby aliniachia chai mezani asubuhi akaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Kabiru alipiga simu. Nilitegemea matusi. Aliniambia tu kwamba Oktoba alinipa jibu bila malipo: nikisie, ni watu wawili wanaopokezana zamu. Baba ya Waithaka ni Maina. Ningeandika hivyo kwenye karatasi, basi. Ndivyo alivyosema, kisha akauliza baba yake anaweza kupewa lile bango. Anataka kukata kipande chenye Waithaka.

Nimelipeleka Milimani mwenyewe. Mzee alikuwa amelala. Niliacha kwa mlinzi.

Nimemwambia Wachuka nimemaliza na mtandao. Akasema marehemu huwa hawatumii bando hata hivyo.

Jumanne, 16 Desemba

Maktaba. Nimekuja kufunga akaunti tu.

Haifungiki. Marehemu hawezi kufunga.

Lakini nikiwa hapo nimeona, kabisa kwa bahati, mkusanyo wa picha za zamani za nyanda za juu. Maelfu ya picha! Bure! Na hizi hazina majina ya kutatanisha. Unatazama tu. Nimepitia 640 na nimeona Wazungu tisa wenye vipara. Wa tisa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya mawe, kipara kinang'aa hadi leo. Huyu ni Kihara. Moyo umeniambia.

Nyuma yake kuna mtu ameshika farasi. Maelezo hayamtaji. Yanasema picha ilipigwa Laikipia, lakini waandika maelezo hukosea mara kwa mara.

Sura yake haionekani, amegeuka. Ila mabega ni ya baba, na huo mgongo ni wetu kabisa.

Nimeibandika kwenye mti, na tovuti imeuliza kama nina hakika huyu ni babu. Nimebonyeza Kubali.

Nimempigia Cheptanui. Safari hii mita tatu kwa nne, kwa ajili ya Aprili. Habari za Ijumaa zilimfikia, akauliza kama Shangazi Mumbi ameiona hiyo picha. Nikamwambia atashangaa kama wengine.